Salamu kutoka Pinga

Masera mpya, mtawa anayesimamia misioni sasa, amenipa daftari zima na kalamu mbili, akaniambia niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nadhani alitaka niwaeleze jinsi ya kutunza mizani. Mizani husafishwa kwa kitambaa kikavu, na ndoano yake hupakwa mafuta kidogo ili isishike kutu wakati wa mvua. Hilo limekwisha. Yanayobaki ni mambo ya nyumbani kwa watu, ambako nilishinda miaka yangu yote ya kazi hadi magoti yalipokataa vilima vya Muheto. Nawaandikia ninyi dada zangu mnaobeba kikapu changu sasa.

Vyeo sitavitaja. Nilianza nikiitwa Veronika, nikamaliza nikiitwa Mama Veronika, na hilo la pili lililetwa na mvi tu.

Kazi yenyewe mnaijua. Siku ya kupima watoto kilo pale misioni, mtoto akionekana amepungua, hana homa, hahari, na kwao chakula kipo, muuguzi hakuwa na dawa ya kumpa. Aliandika jina la mtoto na la kijiji kwenye kipande cha karatasi, nasi tukaenda kukaa nyumbani kwao. Tulikuwa wawili: mimi, msichana niliyejua kusoma na kujivuna, na Mama Marta, mjane wa Muheto, ambaye hakujua kusoma na hakuwa na haraka na mtu yeyote duniani.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba moja juu kabisa ya kilima, ukungu umefunika hata migomba ya uani. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa anauma watu. Alikuwa amemuuma mama yake, nyanya yake na mbuzi. Mimi nikaanza kumwambia habari za tabia njema. Mama Marta akaketi chini, chini kabisa, hata kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha mtoto, akatoa maharagwe kwenye kikapu akaanza kuyaambua. Hakumwita. Hakumtazama. Baada ya muda mrefu mtoto alikuja akamuuma mkono. Mama Marta alisema, bila kuuondoa mkono, "Umekasirika. Niko naona. Hata mimi ningekasirika kama wangenitoa ku mugongo wa Mama na kuweka muntu mwingine."

Mtoto aliachia. Kisha akalia kilio ambacho sijui alikuwa amekificha wapi. Dawa tuliyoiacha ilikuwa moja: kila siku, kitoto kichanga kikilala, mama amfunge huyu mkubwa mgongoni na kutembea naye mpaka kisimani. Mbuzi alipona.

Kikapuni mwetu mlikuwa na mizani, maharagwe na mtoto wa vitambaa ambaye Mama Marta alimshona mwenyewe. Hakuwa na uso. Nilitaka kumshonea macho, akanizuia. Akasema mtoto mwenyewe njo, yaani ndiye, atajua kama iko analia ao anacheka. Ninakiri kwamba nilimwogopa yule mtoto wa vitambaa. Tukilala safarini nilimfunika kwa kanga, na asubuhi nilikuta Mama Marta amemfunua, eti apumue.

Kanuni zake hazikuwa nyingi. Kaa chini ya mtoto. Usimguse kabla hajakugusa. Taja anachokisikia moyoni kabla ya kutaja alichokosea. Na ya mwisho aliirudia mara nyingi mpaka nikaichoka: "Usimudanganye mutoto, hata kwa huruma. Mutoto anaweza kubeba neno nzito. Neno la uongo hapana, anabeba na hajue fasi ya kuliweka." Alipoacha kazi aliniachia kikapu na akanirudia hayo hayo mlangoni. Nilijibu ndiyo, Mama, kama mtu anavyojibu akishaweka mguu njiani.

Mwaka uliofuata nilikwenda Pinga bila Mama Marta, na wapagazi wa misioni tu, na kurudi nilipitia Ntoto. Huko ni msitu. Sisi watu wa vilima tumezoea kuona mbali, na mle ndani unaona mti, nyuma yake mti, na sauti zinakuja zenyewe bila mwenye sauti. Kabla ya kufika kijijini mwanamke alitokea njiani akanishika mkono. Alikuwa amenisubiri tangu asubuhi, kwa kuwa wapagazi wa mbele walikuwa wamesema Mama wa misioni anakuja.

"Mama, unatoka ku Pinga?"

"Ninatoka huko."

"Basi unisaidie. Kwangu iko mutoto mudogo, Riziki. Dada yake Mapendo alikufa na homa. Sisi tulimuambia Mapendo alienda ku Pinga kwa shangazi. Kila siku ananiuliza, kila siku. Umuambie tu ulimuona. Umuletee salamu."

Lazima mwelewe jinsi desturi ilivyokuwa. Mtoto mdogo hakuambiwa kifo. Riziki alipelekwa shambani kwa nyanya siku za msiba, na aliporudi kila kitu kilikuwa kimefagiliwa. Kaburi lilichimbwa nyuma ya migomba, likasawazishwa, halikuwekwa alama. Mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Mapendo kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, aligeuzwa siku moja akawa Mama Riziki. Kila mtu alikubali, hata watoto, na jina la marehemu halikutamkwa tena Ntoto. Walifanya hivyo kwa upendo. Nami pia nilimhurumia yule mama, macho yake yalikuwa yamevimba. Nikasema nitazipeleka hizo salamu.

Riziki alikuwa na miaka minne hivi. Nilimkuta nyuma ya migomba, ameketi kwenye udongo mtupu mahali pasipo na kivuli wala kitu cha kuchezea. Nilipoona mama yake anavyogeuza uso nilijua ameketi juu ya nini. Hakuna aliyemwonyesha pale. Waliniapia hivyo wote, baba na mama, na nikawaamini.

Niliketi chini yake kama nilivyofundishwa. Kisha nikasema, "Riziki, nimetoka Pinga. Mapendo anakusalimu sana."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama pembeni yake, kama mtu anayempisha mwenzake aulize kwanza.

"Alivaa nini?"

Sikuwa nimejitayarisha. Nikasema, "Nguo ya buluu."

Nyuma yangu chungu kilianguka na kuvunjika. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake mitupu mbele yake. Baadaye alinieleza kwamba walimzika mtoto kwa kitambaa cha buluu alichokuwa ameletewa na mjomba. Nimejiambia miaka mingi kwamba wakati ule maduka yote hayakuwa na rangi nyingine. Ni kweli, hayakuwa nayo. Lakini pale uani nilisikia baridi mpaka kwenye meno, na nikaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo mgeni hafanyi.

Miezi mitatu baadaye nilipewa kipande cha karatasi. Jina: Riziki. Kijiji: Ntoto.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Kengele ya mbao, ile ambayo wawindaji wa msitu huwafunga mbwa, ilikuwa inagonga taratibu nyuma ya nyumba. Nikauliza kama Papa Yohana, baba yake Riziki, amerudi kutoka kuwinda. Mama yake akasema mbwa wamelala pale, angalia. Kengele ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mtoto.

"Anatoroka," Papa Yohana alinieleza. Alikuwa mtu mrefu mwenye aibu, anaongea akitazama mikono yake. "Mara mbili wachuuzi wamemukuta mu njia ya Pinga. Mara ya pili waliniambia, Papa, batoto wako wawili wako mbali sana na nyumba. Nikasema ni mumoja."

"Wachuuzi walikuwa wamelewa," mkewe akasema.

"Walikuwa wamelewa," alikubali.

Nilimpachika Riziki kwenye mizani. Sitaandika kilo zake. Alining'inia pale bila kushika kamba, macho yamezama. Mama alimpa ugali na sombe ya majani ya muhogo, mtoto akaugawa ugali mara mbili kwa uangalifu mkubwa, akala kile kipande kidogo, kikubwa akakipeleka kwenye migomba. Asubuhi kilikuwa hakipo. Panya, mbwa, kila mtu alikuwa na jibu. Ilikuwa hivyo tangu siku ile ya salamu. Kabla ya hapo aliuliza tu. Baada ya mimi kupita aliacha kuuliza, akaanza kusafiri.

Basi nilijua ni nani aliyempunguza yule mtoto. Sikumwambia mtu. Nilitoa maharagwe nikaketi. Nikamtoa mtoto wa vitambaa nikamlaza kwenye mkeka kati yetu. Riziki alimchukua, akamgeuza upande wa uso usiokuwepo, akamweka sikioni. Akasikiliza. Akamrudisha.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anakuogopa wewe."

Siku ya pili, mchana, mvua ilishuka na ukungu ukaingia mpaka chini ya paa. Tulikuwa jikoni sote watatu, na kengele inagonga nyuma ya ukuta, ko, ko, ko, na sisi tumetulia kwa sababu ya sauti hiyo. Mama alikuwa anamenya muhogo. Papa Yohana ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Kengele inalia wapi?"

Tulisikiliza. Ilikuwa ni maji yanayodondoka kutoka kwenye paa juu ya kibuyu. Sijui ni kwa muda gani tulikuwa tunasikiliza kibuyu.

Mama alipiga yowe. Tulikimbia kwenye njia ya Pinga, mimi na magoti yangu ambayo wakati ule bado yalikuwa yangu. Ukungu ulikuwa unatufungukia hatua tano na kujifunga nyuma. Papa Yohana alikuwa mbele, anasoma ardhi. Alisimama mara moja, akainama, akashika tope kwa vidole, na akaendelea bila kusema. Nilipofika mahali pale nilitazama. Kulikuwa na nyayo ndogo. Mvua ilikuwa imezichafua na mimi si mwindaji. Sikuuliza zilikuwa ngapi, na yeye mpaka alipokufa hakuniambia.

Tulimkuta kwenye mto, pale ambapo daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Aliketi ukingoni, miguu inagusa maji ya kahawia, na nusu ya ndizi ya kuchoma mkononi. Hakuwa analia. Hatua moja zaidi na nisingekuwa na la kuandika. Papa Yohana alimnyakua, akaishika kengele, akaingiza kidole ndani. Ilikuwa imejazwa majani, yamekunjwa na kushindiliwa vizuri, kama wawindaji wanavyofanya mbwa wakipelekwa msituni kimya, kabla ya kufunguliwa.

"Nani alikufundisha hii?"

"Mapendo."

Baba mtu alikaa chini kwenye tope. Mapendo ndiye aliyekuwa anafuatana naye mpaka mwisho wa mashamba na kumzibia kengele. Riziki wakati huo alikuwa bado mgongoni. Labda aliona kutoka mgongoni. Watoto wanaona mengi kutoka huko.

Jioni ile niliwaambia wazazi yote. Kwamba salamu zile zilikuwa kosa langu, kwamba nilifundishwa kutozisema na nikazisema. Kwamba mtoto aambiwe, na kwamba wamwambie wao, si mimi. Papa Yohana alikataa.

"Mama, kifo ukikitaja mbele ya mutoto mudogo, kinamujua. Kinamufuata."

"Papa, leo kilikuwa kimemufuata mpaka ku muto, na hakuna muntu alikitaja."

Mkewe akasema, bila kuondoa macho kwenye moto, "Mimi nimechoka kuitwa Mama Riziki." Ndivyo shauri lilivyokatwa.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado haujainuka. Niliwaomba waketi chini, chini kabisa, wote wawili, na nikakaa kando nikiambua maharagwe yangu. Riziki alisimama kati ya magoti ya mama yake, kengele bado kiunoni. Papa Yohana alianza mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Mutoto wangu. Mapendo haiko ku Pinga. Tulikudanganya. Mapendo alikufa."

Riziki alimtazama kwa subira, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Mimi najua, Papa."

"Unajua?"

"Tangu siku wanamuita Mama 'Mama Riziki.'" Alionyesha kwenye migomba kwa kidevu. "Yeye njo hajue. Mulisema iko ku Pinga. Anasikia munasema. Basi anataka kwenda, lakini hajue njia. Niko namusindikiza."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimesikia watoto wakisema mambo. Hilo lilinivunja. Tulikuwa tumemtuma mtoto mmoja mahali ambako hayuko, na mwenzake, ambaye alipaswa kulala na kula na kucheza, alikuwa anamsindikiza siku baada ya siku kwenye njia ya Pinga kwa sababu hakuna mkubwa aliyefanya hivyo. Nililia, na Mama Marta angenikaripia, kwa kuwa machozi ya mgeni yanachukua nafasi ya wenye nyumba.

Mama alisimama wa kwanza. Tukaenda nyuma ya migomba. Alipiga magoti pale kwenye udongo mtupu na kuongea kwa sauti ya kawaida, kama anaita mtu aje kula.

"Mapendo. Ni Mama. Ulikuwa na homa, tulikuchunga, homa ikakushinda. Ulikufa, mutoto wangu. Tulikuficha ile neno. Hauko ku Pinga. Uko hapa kwenu."

Hapakuwa na upepo. Jani moja la mgomba juu yetu lilipasuka taratibu toka ncha mpaka kwenye ubavu, na sote tulisikia. Majani ya migomba hupasuka. Niliyaona yakipasuka maisha yangu yote, na siku hiyo hakuna aliyeinua uso.

Riziki aliinamisha kichwa kama anayesikiliza. Kisha akaifungua kengele kiunoni, akatoa jani moja lililokuwa limebaki ndani, akaiweka chini. "Sasa anajua," akasema. "Ana huzuni." Akafikiri kidogo. "Na mimi niko na huzuni."

Hapo ndipo alipolia, naye mama yake akamchukua mgongoni, mkubwa hivyo, na kuzunguka naye uani mpaka jua likapenya. Mchana aliletewa ugali na sombe. Alishika donge, akaligawa, akasita. Kisha akala kipande cha kwanza, na akala cha pili.

Siku tatu nilizobaki niliwafundisha wazazi yale ambayo mnayajua: wataje jina lake, wacheke wakimkumbuka, mtoto akisema ana hasira wasimwambie hana. Kijiji kilirudi kumwita yule mwanamke Mama Mapendo. Kengele ilibaki kwenye udongo ule mpaka mchwa wakaimaliza.

Miaka ilipita, na nyumba nyingine nyingi. Mwezi wangu wa mwisho kazini niliomba nipelekwe Ntoto mara moja zaidi. Riziki alikuwa msichana mrefu kama baba yake, marehemu Papa Yohana, anasoma darasani, anacheka kwa urahisi. Alinipikia, lakini niliaga kabla chakula hakijaiva. Alinisindikiza kidogo, na tulipofika kwenye migomba alisimama.

"Mama Veronika, ile salamu za Pinga ulinileteaka. Nani alikupatia?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo zaidi ya miaka kumi. "Hakuna. Nilikudanganya, mutoto wangu. Nisamehe."

"Mimi nilijua siku ile ile," alisema kwa upole. "Sikukukasirikia. Lakini yeye aliamini. Alifurahi sana. Halafu wewe haukuleta tena, na yeye alikuwa anangoja."

Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wanaparua miguuni petu. Mimi ni mwanamke wa kanisa na nimejiuliza mara nyingi kama ilinipasa kucheka. Sikucheka. Niliweka kikapu chini, nikamwomba Riziki anishike mkono, nikapiga magoti haya kwenye udongo wa nyuma ya migomba. Nikamwambia Mapendo jina langu. Nikamwambia kwamba sikumwona Pinga, na kwamba nguo ya buluu niliitunga. Ilinichukua muda kusimama. Riziki alinifuta udongo kwenye kitenge, akatikisa kichwa kidogo kuonyesha kwamba imetosha, na safari hii nilirudi ndani na kula.